Uvimbe Uliotolewa na Saratani Iliyobaki

Katika nyumba za Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, zilizowahi kuingiwa na msiba wa saratani ya ubongo, kuna swali linaloulizwa mara mbili. Mara ya kwanza huulizwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, wakati jamaa, baada ya kukesha juu ya mabenchi na kuchangishana fedha kwa simu, wanapomwona tabibu akivua barakoa yake, nao humwambia kwa sauti yenye rajua: "Daktari, mmeutoa wote?" Mara ya pili huulizwa baada ya miezi, aghalabu kabla mwaka haujatimia, wakati maumivu ya kichwa yaliyokwisha kusahauliwa yanaporejea pamoja na matapishi ya alfajiri na udhaifu wa mkono, na safari hii sauti imebadilika: "Daktari, si mlisema mmeutoa?" Baina ya maswali hayo mawili huota mambo mengi machungu: shutuma juu ya mkono wa mpasuaji, dhana mbaya juu ya jirani, mbuzi wanaouzwa ili mganga alipwe, na pengine ugomvi wa ndugu juu ya nani aliyeshauri mgonjwa afunguliwe kichwa. Naamini kwamba sehemu kubwa ya uchungu huo ingeepukika lau watu wangeelezwa mapema, kwa lugha wanayoielewa, namna saratani hii inavyotembea. Kwani jawabu la swali la pili halimo katika kosa la mtu, limo katika tabia ya seli zenyewe.

Saratani ninayoikusudia huitwa glioblastoma. Ubongo wa mwanadamu, fauka ya neva zinazobeba fikira, hisia na amri za viungo, una seli nyingine ziitwazo glia, ambazo kazi yake ni kuzihudumia neva hizo kwa chakula, kuzivika nyuzi zake na kuzisaidia zinapojeruhiwa. Katika jamaa hii ya glia, au katika seli changa zinazoizaa, ndimo inamozuka glioblastoma, saratani kali kupita nyingine zote za kawaida zinazoanzia ndani ya ubongo wa mtu mzima. Percival Bailey na Harvey Cushing, waliozipanga saratani za jamaa hii katika kitabu chao cha mwaka 1926, waliipa nafasi yake miongoni mwa zile zinazoua upesi, na karne nzima iliyopita tangu hapo haijaiondoa katika nafasi hiyo. Sababu zake zinazojulikana kwa yakini ni chache mno, nazo ni mionzi mikali iliyowahi kupigwa kichwani na maradhi adimu ya kurithi. Wagonjwa walio wengi hawana hata moja kati ya hizo, wala hawakufanya jambo lolote lililowaletea. Ajabu yake ni kwamba, ilhali saratani ya titi au ya tezi dume husafiri katika damu hadi ikafika mifupani na mapafuni, hii ni nadra sana kutoka nje ya ubongo na uti wa mgongo. Hukaa humo humo ilimozaliwa, lakini ndani ya humo haitulii hata siku moja.

Mtu mzima wa Busia akianguka kifafa kwa mara ya kwanza maishani mwake, tabibu mwenye busara haanzi kwa kuwaza saratani, wala hastahili kulaumiwa kwa hilo. Hii ni nchi ya malaria iliyo kali kuliko sehemu nyingi za Kenya, na malaria ikipanda kichwani humtetemesha mtu na kumpoteza fahamu. Kuna homa ya uti wa mgongo. Kuna tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yakiingia mwilini kwa chakula au maji machafu, mabuu yake huweza kufanya vifuko ubongoni na kuleta kifafa kwa mtu aliyekuwa mzima. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, wenye maabara yao mjini Busia, wamelichunguza sana jambo hili, kwani ufugaji wa nguruwe wa kuachiliwa huru umeenea vijijini. Na hospitali ya Alupe, iliyo nje kidogo ya mji, ilipata kupokea wagonjwa wa malale, maradhi ambayo vimelea vyake navyo humaliza safari yao ubongoni. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani hupewa kwanza dawa ya malaria, kisha dawa ya kifafa, kisha hutazamwa. Na kwa kuwa kifafa hutulia kwa dawa hata kama chanzo chake ni uvimbe, majuma hupita. Dalili zinazofaa kumshtua tabibu na jamaa ni kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kuzidi siku hadi siku, kutapika bila ya kichefuchefu cha kutangulia, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kukwama mdomoni, na tabia ya mtu kubadilika hata watu wa nyumbani wakasema kwamba huyu siye yule tuliyemjua. Hapo ndipo hutakiwa picha ya siti skani au ya MRI, na baada yake barua ya rufaa: kwa walio wengi ni kwenda Eldoret katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na kwa wengine, hasa wenye jamaa ng'ambo, ni kwenda Mulago mjini Kampala.

Picha hiyo hurudi nyumbani ndani ya bahasha kubwa ya kaki, ikiwa imebanwa kwapani juu ya bodaboda, na watu wote wa boma huishika kwa zamu na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Wanaloliona ni pete nyeupe isiyokuwa duara kamili, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Katikati yake pana weusi wa nyama iliyokufa kwa kukosa damu, na kandokando yake pana wingu la kijivu, nalo ni maji yaliyovimbisha ubongo. Jamaa huiwekea kidole ile pete na kusema, huu ndio ugonjwa. Kauli hiyo ni kweli nusu. Weupe ule hutokea mahali ambapo dawa iliyodungwa mkononi ili kung'arisha picha imevuja kutoka katika mishipa mibovu ya damu ambayo uvimbe umejijengea. Mahali ambapo mishipa bado ni mizima dawa haivuji, na hapo picha haionyeshi kitu, ijapokuwa seli za saratani zimekwisha kufika, moja moja, zimetawanyika baina ya neva zinazofanya kazi yake kama kawaida. Siku pete inapoonekana kwa mara ya kwanza, seli hizo zimekwisha kuondoka.

Wapasuaji walilijua jambo hili kwa gharama kubwa. Walter Dandy wa Hospitali ya Johns Hopkins, huko Baltimore nchini Marekani, alithubutu tendo ambalo hadi leo humsisimua asomaye habari zake: mwaka 1928 alitoa taarifa ya wagonjwa ambao aliwaondolea nusu nzima ya kulia ya ubongo, watu ambao upande wa kushoto wa mwili wao ulikuwa umekwisha kupooza kwa sababu ya uvimbe, kwa hesabu kwamba akiikata saratani pamoja na nchi yote inayoizunguka, haitakuwa na pa kuanzia tena. Saratani ikarejea. Ikiwa nusu ya ubongo iliyotolewa haikutosha, sembuse kile kipande ambacho mpasuaji wa leo, akichelea kumwondolea mgonjwa usemi au mwendo, anaruhusiwa na dhamiri yake kukikata?

Aliyezieleza njia za seli hizi kwa ufasaha kuliko waliomtangulia ni Hans Joachim Scherer, aliyefanya kazi Antwerp nchini Ubelgiji, na ambaye maandishi yake ya mwaka 1938 na 1940 yanatajwa hadi leo na kila mwanafunzi wa somo hili. Sioni haki kulitaja jina lake bila ya kutaja pia kwamba baadaye alihamia Breslau, na huko alichunguza bongo za watoto waliouawa na utawala wa Wanazi. Elimu yake ni ya kweli, na doa lake ni la kweli vilevile. Scherer alikata vipande vyembamba vya ubongo mzima wa marehemu, si vya uvimbe peke yake, akaona kwamba seli hazisambai ovyo kila upande. Zilijipanga kandokando ya mishipa ya damu, zilifuata nyuzi za ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda la kijivu la ubongo, zilienea chini ya utando unaoufunika ubongo kwa nje, na zilizizingira neva moja moja.

Mwenyeji wa mpaka huu halioni jambo hilo kuwa geni. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, walichokizindua Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi wa Februari 2018, kina malango, makarani na mihuri, na mgeni akikitazama hudhani kwamba hapo ndipo watu wote wanapopita. Lakini kila anayekaa Marachi au Burumba anajua kwamba mahindi, sukari na trei za mayai hupita njia za panya, nyuma ya nyumba na kando ya mashamba, na kwamba njia hizo hazikutengenezwa na magendo. Zilikuwako kwanza. Zilikuwa njia za kisimani, za mnadani na za ukweni, za Wateso na Wasamia waliokuwa watu wamoja kabla ya mwaka 1902, Waingereza walipoumega mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Ndivyo ilivyo ubongoni: seli ya glioblastoma haijengi barabara yake, hupita katika njia zilizowekwa na Muumba kwa kazi nyingine za heri, na kwa kuwa kuna bonge la nyuzi nyeupe linaloziunganisha nusu mbili za ubongo, saratani iliyoanza kulia huweza kulivuka na kutokea kushoto, hata picha ikaonyesha mbawa mbili zilizokunjuliwa kutoka katika kiwiliwili kimoja.

Tuisogelee seli moja iliyo njiani. Mbele yake hutoa mkono mrefu mwembamba, ambao hupapasa, hugawanyika matawi, tawi moja hushika na jingine hurudishwa. Mwili wa seli hubaki nyuma, kwani ndani yake mna kiini, kilicho kikubwa na kigumu, na upenyo baina ya seli na seli katika ubongo mzima ni mdogo zaidi ya mara mia kuliko kiini hicho. Seli hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha gundi iliyo mbele yake. Kisha protini iitwayo miosini, iliyo ya jamaa moja na ile inayokaza misuli yetu, hujikunja nyuma ya kiini na kukisukuma, nacho hubonyea na kurefuka hata kikapenya. Wakati huo huo seli hufungua vilango vya kloridi na potasiamu katika ngozi yake, chumvi hutoka, maji huifuata chumvi, na seli nzima husinyaa kwa kiasi cha thuluthi moja hivi ya ujazo wake. Ikishapita hunywa maji tena na kurudi kimo chake. Harald Sontheimer na wenzake nchini Marekani, walioifuatia habari hii ya maji na chumvi kwa miaka mingi, walionyesha kwamba klorotoksini, iliyomo katika sumu ya nge wa jangwani, hushikamana na seli za saratani hii na kuupunguza mwendo wake. Sumu hiyo haijawa tiba ya hospitalini, lakini imewafundisha wataalamu mengi.

Hapana ufundi hata mmoja kati ya huu ambao saratani imeubuni yenyewe. Kila mmoja wetu, alipokuwa tumboni mwa mama yake, alikuwa na neva changa zilizozaliwa katikati ya ubongo na kusafiri hadi kwenye ganda lake kwa mikono hiyo hiyo ya kupapasa na kwa kiini hicho hicho kilichosukumwa kwa nyuma. Zilipofika zilitulia, na ufundi wa safari ukafungiwa. Glioblastoma imeufungua upya. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Heidelberg nchini Ujerumani, wakiongozwa na Frank Winkler, walitangaza kwamba seli hizi hutoa mirija myembamba ambayo urefu wake huweza kupita nusu milimita, na kwamba kwa mirija hiyo huungana zikawa mtandao. Moja ikijeruhiwa na mionzi, nyingine huisaidia. Mwaka 2019 kundi hilo la Heidelberg, na kundi la Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha jambo lililowastaajabisha hata wao: neva zilizo nzima huungana na seli za saratani kwa viungo vile vile ambavyo neva huzungumzia na neva mwenzake, na umeme wa fikira zetu huzichochea seli hizo zikue. Mwaka 2022 wa Heidelberg wakaongeza kwamba umeme huo huzichochea pia kutembea. Kwa kazi hii Winkler na Monje walipewa Tuzo ya Ubongo ya mwaka 2025 huko Denmark, nami naiona kuwa stahiki yao, maana imetuonyesha kwamba saratani hii si mgeni aliyeketi ndani ya ubongo tu, imejifunga katika kazi yenyewe ya ubongo.

Kwa hiyo upasuaji una faida gani? Faida yake ni kubwa, nami sipendi mtu aisome makala hii akaja kukataa kisu. Uvimbe mkubwa hukandamiza ubongo ndani ya fuvu lisilotanuka, na kuuondoa humpa mgonjwa nafuu na muda. Humpa pia tabibu kipande cha nyama cha kuchunguza, ili ijulikane kwa hakika ni maradhi gani yanayotibiwa. Lakini tabibu mkweli, akiulizwa kama ameutoa wote, hujibu kwamba ameutoa ule unaoonekana. Aghalabu ya glioblastoma zinazorudi huzuka ndani ya sentimita 2 hivi kutoka mahali pa zamani, na hii ndiyo maana tiba ya mionzi haipigwi katika shimo la uvimbe peke yake, hupigwa na katika ukingo unaolizunguka. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 573: waliopewa mionzi peke yake, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 12.1, waliopewa mionzi pamoja na vidonge vya temozolomaidi, nusu yao walizidi miezi 14.6, na zaidi ya mmoja katika kila wanne alikuwa hai baada ya miaka 2, ilhali wa mionzi peke yake walikuwa mmoja katika kumi. Tarakimu hizi ni ndogo, na hazifai kufichwa.

Wazee wa pande hizi huuliza, nao wana haki, kwa nini dawa haiwezi kufanya hapa ilichofanya kwa watoto wenye uvimbe wa taya. Denis Burkitt, daktari aliyekuwa Mulago, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1958, nao huwapata sana watoto wa nchi za malaria zinazolizunguka ziwa letu. Sindano chache ziliwahi kuuyeyusha uvimbe wa ukubwa wa chungwa kwa siku kadhaa tu. Lakini saratani ya Burkitt ni ya seli za damu nyeupe, hukua kwa haraka ya ajabu, na seli inayogawanyika kwa haraka ndiyo dawa za kemikali huipata kwa wepesi. Seli ya glioblastoma iliyo njiani aghalabu imeahirisha kugawanyika, na imejisitiri nyuma ya kuta za mishipa ya ubongo ambazo dawa nyingi hazipenyi. Hata saratani ya Burkitt yenyewe, ikiingia kwenye utando wa ubongo, humlazimu tabibu adunge dawa moja kwa moja katika maji ya uti wa mgongo.

Lipo jambo moja la nyumbani ambalo huwaponza wengi. Mgonjwa akipewa deksamethasoni, dawa rahisi iliyo karibu katika kila hospitali, maji yaliyovimbisha ubongo hupungua, na baada ya siku chache mtu aliyekuwa haongei huomba uji, mkono uliolegea hushika kikombe, na nyumba hujaa shukrani. Jamaa huona kwamba amepona, na fedha zilizochangwa kwa safari ya Eldoret huelekezwa kwenye karo. Saratani haikuguswa. Dawa imeyaondoa maji tu, na muda ule wa nafuu ndio uliokuwa muda bora wa kusafiri.

Na safari yenyewe ni nzito. Tiba kamili ya mionzi hupigwa siku 5 kila juma kwa majuma 6, kila siku dakika chache, na hakuna chumba cha wodi kinachowekwa kwa mtu awezaye kutembea. Mkulima wa Amagoro au mama mchuuzi wa Malaba hulazimika kupanga chumba mjini, yeye pamoja na mtu wa kumwangalia, na kodi hiyo, pamoja na chakula na nauli, aghalabu huwaelemea kuliko malipo ya mashine yenyewe. Nimewasikia wengi wakisema kwamba bima ikilipa mionzi mambo yamekwisha. Hayajaisha, na serikali ya kaunti ikitaka kuwasaidia watu hawa kwa jambo moja lililo ndani ya uwezo wake, iwapangie nyumba ya kulala karibu na hospitali ya rufaa.

Mpaka haukupata kuwazuia wagonjwa. Mwaka 2016 mashine ya pekee ya mionzi iliyokuwa Mulago iliharibika, na Uganda yote ikakaa bila ya tiba hiyo hadi mashine mpya ilipoanza kazi mwishoni mwa 2017; katika muda huo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi iliahidi kuwatibu Waganda 400 bila malipo, na njia yao ya kuja Nairobi ni hii inayopita Busia na Malaba. Upande wa pili, mzazi wa Kenya mwenye mtoto wa kichwa kinachopanuka au mwenye uvimbe wa ubongo huvuka Malaba, akapita Tororo na kufika Mbale, iliko hospitali ya watoto ya CURE, ambayo Benjamin Warf alikuwa mmoja wa waanzilishi wake takriban mwaka 2000 na ambayo upasuaji wake wa maji ya kichwani umeigwa duniani. Saratani za ubongo za watoto zina njia zake: iitwayo meduloblastoma, iliyo mashuhuri miongoni mwao, huanguka katika maji yanayouzunguka ubongo na kubebwa nayo hadi uti wa mgongo, kwa hiyo mionzi yake hupigwa kichwani na mgongoni kote, lakini watoto wengi wakitibiwa mapema na kikamilifu huokoka, jambo ambalo mzazi aliyesikia habari za glioblastoma ya jirani yake hana budi kuambiwa waziwazi, asije akakata tamaa ya mtoto ambaye bado ana nafasi.

Kwa mtu mzima ambaye saratani yake imerejea, zipo huduma ambazo hazihitaji mashine: dawa za kifafa zisizokatizwa, deksamethasoni kwa kipimo kinachoangaliwa, kugeuzwa kitandani ili asipate vidonda, na mofini ya maji pale maumivu yanapozidi. Uganda imetangulia katika hili tangu Anne Merriman alipoanzisha huduma ya Hospice Africa mwaka 1993, na tangu mwaka 2004 sheria yake imewaruhusu wauguzi waliofunzwa kuwaandikia wagonjwa mofini hiyo, hata mgonjwa wa kijijini akapata chupa yake bila ya kungoja daktari wa mjini. Upande wetu wa mpaka wauguzi wenye moyo na ujuzi huo wapo, na nyumba za wagonjwa wanazijua kwa majina. Linalotakiwa ni kibali, chupa, na mtu wa kuwapeleka hadi kwenye nyumba hizo.